Wifi Hapigi Magoti

Kabla hujaniuliza, nakujibu: ndiyo, mimi ni wifi yake, na ndiyo, ninampendelea. Asiyependa kusikia mtu akisifiwa na wifi yake akafungue redio. Watu wamezoea mawifi wa kurushiana maneno, na sisi tumerushiana, tena mazito, lakini habari hii nikimwachia mwingine aisimulie ataitia maji.

Huyu wifi yangu ni mdogo wake mume wangu, wamefuatana. Kazi yake ni kupiga video za harusi. Mtaani wanamwita Zumu, kwa sababu akiona chozi linamlenga mama wa bibi harusi, kamera inamsogelea mpaka lile chozi linajaa kioo kizima. Ukimwona kazini humsahau: raba miguuni, kitambaa kimefungwa kisogoni, betri zimejaa mfukoni, na mdomo hautulii. "Shangazi, sogea, umemziba bwana harusi! Mjomba, shusha hiyo simu, mimi nimeletwa kufanya nini hapa?" Na wanasogea, hata wale wakubwa wenye suti zao.

Ndoa yake mwenyewe ilimshinda. Au niseme vizuri, yule bwana ndiye aliyemshinda, maana ndoa haina mkono, na yule bwana alikuwa nao, tena mwepesi. Mara ya kwanza Wifi alipofunga virago, yule bwana akamwita kaka mtu. Kaka mtu ndiye huyu huyu mume wangu, ila wakati huo mimi sijaingia ukoo huu. Alifika, akamkuta mdogo wake ana begi mkononi, akasimama katikati ya mlango. "Rudi ndani ukamwombe mumeo radhi. Kwetu hakuna mwanamke wa kurudi nyumbani." Akasimama hivyo hivyo mpaka begi likawekwa chini. Wifi alikuja kuondoka baadaye sana, siku ambayo hakumuaga mtu.

Haya yote alinisimulia kwenye chumba changu cha kushonea, mimi nikiwa kwenye cherehani, yeye ameketi juu ya marobota ya vitambaa. Halafu akasema, "Wifi, nataka kuitengenezea filamu. Fupi. Dakika kumi na mbili tu." Nikacheka. Akanitazama kwa lile jicho lake la kazi, nikaacha kucheka.

Filamu yenyewe haina bastola wala jini. Mwanamke anapanga nguo kwenye begi. Majirani wanasemezana uani. Kaka yake anafika, anasimama mlangoni, anamwambia arudi akaombe radhi. Mwanamke anamtazama. Kaka mtu anapisha. Mwanamke anapita. Imekwisha. Nikamuuliza, "Mbona siku ile hukupita?" Akajibu, "Ndiyo maana naitengeneza." Basi, hicho tu ndicho alichokitaka duniani: yule mwanamke apite.

Sasa filamu, hata iwe fupi kama kope, inataka nyumba, taa, sauti na watu. Akaenda kwa tajiri mmoja muuza samani, sisi tunamwita Bwana Masofa. Huyu alikuwa na nyumba mpya haijahamiwa. Akakubali kuitoa nyumba, akakubali kulisha watu. Akatuletea na msichana mmoja mzuri wa sura, anayemtangazia makochi yake, awe ndiye mwanamke wa filamu, na kijana wa dukani kwake awe kaka mtu. Tukafurahi, usiseme! Mimi nikamshonea yule msichana gauni la kuondokea, la rangi ya udongo, lenye mifuko. Wifi alitaka mifuko.

Siku mbili tatu kabla ya kuanza, Bwana Masofa akatuita dukani. Tukaketishwa kwenye kochi ambalo bado lina nailoni, kila ukijisogeza linalia. Akasema amesoma ile hadithi na ni nzuri, ila mwisho wake haujengi.

"Haujengi nini?" Wifi akauliza.

"Familia. Huyu mama arudi. Apige magoti pale sebuleni, amwombe mumewe radhi, wakae pamoja kwenye kochi. Watu wanapenda amani."

Nikamtupia Wifi jicho. Ukimjua, unaona shingo ndiyo inayoanza.

"Bwana mkubwa," akasema, na sauti ilikuwa ya chini kabisa, "mimi nimepiga video harusi za mji huu mpaka nyingine ni za watoto wa wale niliowaanza. Najua watu wanapenda nini. Na wewe nakujua, hutaki amani, unataka mtu apige magoti mbele ya kochi ili kochi lionekane."

"Binti yangu, hela ni yangu."

"Na mwanamke ni wangu. Hapigi magoti."

Akainuka, kochi likalia, nami nikainuka nyuma yake. Tukiwa barabarani nikaanza kumshika mkono, nikamwambia wifi yangu, si tufanye tu hivyo anavyotaka, halafu mwisho wetu wa kweli tuutengeneze siku nyingine? Akasimama palepale. "Siku ipi? Nitajie hiyo siku nyingine." Sikuwa nayo.

Kufika jioni nyumba imeondoka, chakula kimeondoka, msichana mzuri wa sura ameondoka, na yule kijana wa kaka mtu hapokei hata simu. Gauni tu ndilo lililobaki, na lilibaki kwa sababu lilikuwa kwangu.

Mtu mwingine angejilaza akalia. Wifi alinawa uso, akaanza kuzunguka mtaani na kile alichonacho, na alichonacho ni harusi. Kwa fundi umeme akapata taa, akamwahidi kumpigia bintiye video ya harusi bure. Kwa fundi redio akapata maiki na fundi mwenyewe, kwa makubaliano kwamba mama yake akitimiza miaka themanini Wifi atakuwepo na kamera kuanzia asubuhi. Mwenye duka la jirani alitoa maji na mikate, naye hakuwa na harusi wala mzee, akasema basi atapigwa picha dukani kwake anauza. Nilimwambia Wifi kwamba atazeeka anawalipa hawa watu. Akasema potelea mbali, kuzeeka atazeeka tu.

Nyumba ikawa yangu. Sebule yangu mimi, na mapazia niliyoshona mwenyewe.

Mume wangu alipoambiwa alikunja uso. "Mnataka kutuvua nguo mbele za watu? Mambo ya ukoo yatoke hadharani?" Nikamtolea uvivu. Nikamwambia ukoo hauvuliwi nguo na kamera, na kama anaona aibu aanze na ile ya siku ile. Hatukusemeshana mpaka kesho yake, tukipishana jikoni kama wapangaji. Kisha akamwendea mdogo wake na kumuuliza nani atacheza hiyo nafasi ya kaka mtu. Akaambiwa hajapatikana, labda yule bwana anayeuza vocha kituoni.

"Yule mlevi?"

"Ana sauti nzuri."

"Thubutu! Kama ni lazima mtu anicheze, nitajicheza mwenyewe."

Hapo ndipo tulipompata. Aliingia ili ailinde heshima yake, alisema hivyo waziwazi, na Wifi akamwambia karibu kaka.

Tulianza na majirani uani. Jamani, siku ile niliumwa mbavu. Hawa akina mama Wifi amewapiga video kwenye kila sherehe, na wamejifunza kitu kimoja: kamera ikigeuka kwako, nyoosha kitambaa, tabasamu, salimia maharusi. Wifi akawaeleza vizuri kabisa: msiitazame kamera, mwanamke mwenzenu anaondoka kwake, mnaongea chini chini. Wakasema tumeelewa. Akasema anza. Kamera ikamgeukia mama mmoja mnene aliyekuwa anachambua mchele, naye akaweka ungo chini, akajifuta mdomo, akatabasamu meno yote: "Mimi ni jirani, nawapongeza sana maharusi, Mungu awajalie watoto na maelewano."

"Mama!" Wifi akapiga kelele. "Anaachika!"

"Ala! Basi pole."

Tukarudia. Mara ya pili akapunga mkono wa kwaheri. Mwishowe Wifi akaiweka kamera juu ya dirisha, akaifunika kwa kanga akaacha jicho lake tu nje, akajifanya ameenda kunywa maji, nao wakasahau. Na wakaongea, ee, wakaongea kwelikweli, maana walianza kumsema yeye mwenyewe Wifi na yule bwana wake, nani alisikia nini usiku gani na kwa nini hakwenda kugonga mlango. Fundi redio akanitazama. Wifi alikuwa nyuma ya ukuta amevaa visikilizio masikioni, anasikia kila neno. Alipoingia macho yalikuwa mekundu, akasema tu, "Imetoka safi."

Tukabakiwa na sebule. Mwanamke tulikuwa hatuna, kwa hiyo Wifi akavaa lile gauni la rangi ya udongo, nikalibana kiunoni kwa pini, na kamera akanipa mimi. Nikamwambia sijawahi. Akasema, "Ishike kama unavyoshika kitambaa kwenye cherehani. Usikivute, kiache kitembee." Hilo nililielewa. Tukazima friji. Tukamwomba seremala wa nyuma asimamishe msumeno, akasimamisha. Mume wangu akasimama mlangoni na shati lake lililopigwa pasi.

"Anza."

Wifi akafunga begi, akalichukua, akageuka. Mume wangu akasema maneno yake, "Rudi ndani ukamwombe mumeo radhi," na wallahi hakuhitaji kufundishwa. Yalitoka kama yalikuwa yamehifadhiwa mahali. Wifi akamtazama. Ilipofika pa kupisha, hakupisha. Tukangoja. Akabaki amejaa mlangoni.

"Kaka, hapo unapisha," Wifi akasema.

"Najua."

"Basi pisha."

"Sipishi." Akageukia kwangu, mimi na kamera yangu, kama vile nitamtetea. "Mmeandika uongo. Siku ile mimi sikupisha, na nilikuwa na sababu zangu. Mtu akiangalia hapa ataona nimepisha tu kama bwege. Mwandike arudi, ndivyo ilivyokuwa."

Nikasikia damu inanipanda. Nilikuwa tayari kuitupa kamera chini nimpe ukweli wake mbele ya mafundi. Bwana Masofa mwingine huyo, na huyu nimemzalia watoto! Lakini Wifi akaninyooshea kiganja, maana yake endelea kurekodi. Nikaendelea.

Akaliweka begi chini taratibu. Akamsogelea kaka yake, akavuta mdomo pembeni kwa kidole, kama mtoto anayeonyesha jino lililooza.

"Unaona hapa? Hapana kitu. Mliambiwa nilianguka bafuni. Sikuanguka. Ilikuwa wiki ile ile uliyonirudisha, kaka, na alinipiga huku ananiambia hata ndugu zako wamekukataa."

Mume wangu akainama kulitazama lile pengo. Fundi redio alikuwa ameinamisha kichwa, maiki bado ameinyoosha.

"Sikuombi uniombe radhi," Wifi akasema. "Hapa kwangu mtu haombi radhi wala hapigi magoti. Mimi nataka tu hii filamu yangu iishe ninavyotaka mimi. Siku ile ulikuwa na mlango wako. Leo huu ni wangu."

Akarudi pale alipoanzia. Akaokota begi. Hakusema anza, wala hakuna aliyeuliza. Akageuka, akaja moja kwa moja, na hakupunguza mwendo. Mume wangu alikuwa bado amesimama pale. Maneno yake hakuyasema. Nilimwona kwenye kile kioo kidogo cha kamera, na nikajua kwamba asipotoka Wifi atampitia kifuani.

Akatoka. Alijibana kwenye fremu ya mlango mpaka bega likagonga ubao, mkono mmoja ameuinua kama anayezuia kitu kisimwangukie mtu, na Wifi akapita chini ya mkono ule bila kugusana naye. Nikamfuata. Nilimwacha mume wangu pembeni ya picha na kuufuata mgongo wa Wifi, kitambaa kikitembea, akavuka uani, akapita akina mama na ungo wao, na safari hii hakuna aliyepunga mkono. Kwenye geti tulikuwa tumechora alama ya chaki chini, hapo ndipo alipotakiwa kusimama. Akaikanyaga akaendelea. Akaingia barabarani, begi begani, hakugeuka.

Fundi redio akaniuliza kwa kunong'ona, "Tukate?"

"Nani akate? Mwache aende."

Mume wangu akaja akasimama nyuma yangu. Nilimsikia anavyohema. Akangoja mpaka mdogo wake amekuwa mdogo kabisa kule mbele, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Atarudi?"

Nikamwambia, "Hiyo haimo kwenye filamu."