Mfereji Ambao Mashine Haikuambiwa

Mwaka jana nilikaribia kukausha migomba ya nyumba ishirini na mbili, na wala sikushika jembe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, Engutoto, mjini Arusha, nakunywa chai ya maziwa. Niliulizwa swali moja nikajibu neno moja. Neno lenyewe ni "hakuna."

Niseme kwanza kwamba mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, maana baba alinunua ng'ombe mwenye tabia ya kutembea, na lazima awepo mtu wa kutembea naye. Ng'ombe yule alishawahi kukutwa Kikatiti, barabarani kabisa, amesimama mbele ya duka la vitenge kama anachagua. Kwa hiyo kusoma najua, lakini polepole, na herufi zikiwa ndogo naona kama siafu. Ndiyo maana mke wangu, kampuni ya parachichi ilipotuletea mkataba wa kurasa thelathini na moja, aliuchukua akaukalia. Namaanisha aliukalia kweli, juu ya kigoda, akaendelea kumenya ndizi.

"Hutii sahihi," akasema, "mpaka mtoto wa dada yako ausome."

Kampuni ilitaka kupanga kiwanja changu cha chini, kule karibu na barabara, ijenge ghala la kupangia parachichi kwenye maboksi. Miaka ishirini. Mimi sitafika huko, lakini migomba itafika, na wajukuu wanahitaji mahali pa kufanyia kazi zaidi ya kuendesha bodaboda. Nilitaka ghala lile. Nilishalijenga kichwani, na langoni nilishaweka benchi langu la kukalia.

Binti huyo wa dada yangu ni wakili. Baba yake ni wa Kilimanjaro, na wale watu wakishaamua mtoto asome hata mvua ya mawe haiwazuii. Yeye hashiki kesi za wezi wala za ndoa. Anashika mambo ya biashara tu, kampuni na kampuni. Nilikwenda na mkungu wa ndizi begani, maana huwezi kwenda kwa mpwa mikono mitupu, nikauweka juu ya zulia lake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Habari ya kesi?"

"Sina kesi mjomba, nina mikataba. Kesi zinakuja mikataba ikiwa mibaya."

Akaupitisha mkataba wangu kwenye kile kichanja cha kupigia picha karatasi, akauingiza kwenye kompyuta, akaiandikia maneno mawili matatu. Nikamuuliza anamwandikia nani.

"Akili mnemba. Inanisaidia kusoma."

Chai yangu haijapoa, mashine imeshamaliza kurasa thelathini na moja. Nilimwambia mashine ya namna hiyo tungeipeleka usharikani kwetu isome matangazo, maana kwetu yanasomwa kwa muda mrefu mpaka jirani yangu mmoja alipata mchumba na kumkosa ndani ya matangazo ya Jumapili moja. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia wakili wa kampuni naye mkataba huu ameuandika kwa mashine, anaujua mwandiko wake.

"Kwa hiyo mashine zinagombana zenyewe, sisi tunakunywa chai?"

"Ndiyo mjomba. Ila atakayefungwa na mkataba si mashine, ni wewe."

Hapo niliiweka chai chini.

Mashine ilikuta mambo kumi na moja. Moja lilisema tukigombana mimi na kampuni, tukaamuliwe Singapuri. Mimi mbali kabisa nimefika Dodoma, na nilitapika njia nzima. Mpwa alisema hilo waliliokota kwenye mkataba wa watu wengine wakasahau kulitoa, akalifuta. Mambo mengine sikuyaelewa, lakini niliitikia kwa kichwa, ukizeeka unajifunza kuitikia kwa namna ya kuheshimika. Tena mashine ikaleta maswali yake, akanisomea moja moja: Kiwanja ni cha nani? Changu, nilipewa na baba. Kuna mgogoro wa mpaka? Hakuna, masale, ile mimea yetu ya mpakani, yamesimama pande zote nne. Kuna mtu yeyote mwingine anayepita, au anayetumia sehemu yoyote ya kiwanja?

"Hakuna," nikasema.

"Una uhakika mjomba? Imeuliza mara mbili."

"Iambie mimi nina miaka sabini na mbili, yenyewe ina mingapi?"

Basi akaandika hakuna. Na kwa sababu ya hilo hakuna, ukaingia mstari unaosema kampuni inaruhusiwa kufukia, kusawazisha na kuzungushia ukuta kiwanja chote. Akanisomea. Nikaona ni sawa, ghala lazima liwe na ukuta. Tukapanga kusaini Alhamisi ya wiki inayofuata.

Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya mfereji. Kwetu maji yanatoka juu msituni, yanashuka kwa mfereji uliochimbwa na watu ambao hata babu aliwasikia tu, na kila nyumba ina siku yake ya kuyafungulia yaingie migombani. Mara mbili kwa mwaka wote tunatoka na majembe na makoleo kuusafisha. Mwenye shamba anachimba kipande kinachopita shambani kwake, wengine wanamsaidia. Asiyetokea anawapikia wenzake makande, na wanayasema vibaya hata yakiwa matamu.

Mwenyekiti wa mfereji ni jirani yangu mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Mimi na yeye tulishanuniana miaka minne kwa sababu ya mparachichi wangu ulioinamia kwake, lakini hiyo ni habari nyingine, na kosa lilikuwa la mti. Tulishuka tukichimba hadi kiwanja changu cha chini. Tope limenifika kwenye mashavu ya miguu. Yeye amesimama ukingoni, anapanga watu.

"Mzee," akaniita, "nasikia unaleta kampuni hapa."

"Naleta."

"Mwakani kipande hiki watachimba wao? Au watatuma parachichi lishike koleo?"

Watu wakacheka. Nilitazama juu, nikatazama chini. Mfereji unaingia kwenye kona ya juu ya kiwanja, unakata katikati, unatoka upande wa pili kwenda kwa nyumba ishirini na mbili. Na wenye nyumba hizo walikuwa pale, na makoleo yao, wamesimama ndani ya lile "hakuna" langu.

Haki ya Mungu sikudanganya. Niliulizwa kiwanja, nikafikiria udongo. Mfereji kwetu hautajwi, kama ambavyo mtu akikuuliza una nini nyumbani humwambii nina paa.

Nilimaliza kuchimba harakaharaka, watu wakadhani naumwa. Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaniuliza, "Kompyuta ilikuuliza mara mbili?"

"Mara mbili."

"Mimi ningekuuliza mara moja tu na ungejibu vibaya vilevile. Piga simu."

Nikampigia mpwa.

"Mama, kuna mfereji."

"Mfereji gani mjomba?"

"Wa maji. Kiwanjani."

"Unapita pembeni?"

"Katikati."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Mjerumani."

Nikasikia anacheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyeshika kichwa.

"Mjomba, mimi nilikuwa naoga humo likizo. Mama alikuwa ananifukuza na fimbo kwenye kiwanja hichohicho. Na nimekaa hapa nimeandika hakuna kwa mkono wangu."

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu mzee usiku wa kufikiri anao, na mchana pia. Ofisini tulikuwa wawili tunaoujua mfereji ule tangu utoto, na hatukuutaja. Aliyeuliza ni mashine, na iliuliza kwa sababu ndiyo pekee ambayo haijawahi kuoga humo.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, nilikata jani la isale nikaenda nalo kwa yule mjane. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na akiliona hawezi kukufukuza kabla hajakusikiliza. Alikuwa anafagia uani.

"Umemuua nani?" akauliza.

"Bado. Nilikuwa karibu kuwaua nyote."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akalipokea isale, akalichomeka kwenye mlango. "Alhamisi tunakwenda wote," akasema. "Na mparachichi wako utakatwa matawi." Nilikubali hapohapo. Siku hiyo ningekubali hata kukatwa mkono.

Alhamisi mtu wa kampuni alikuja Engutoto na viatu vinavyong'aa. Alipoambiwa kuna mfereji alikunja uso, akasema basi wataweka bomba kubwa chini ya ghala, maji yapite bila kuonekana.

"Maji yasiyoonekana yana maneno," mjane akamjibu. "Siku yakipungua, kila mtu atasema mwenzake ameyaiba humo ndani. Yapite juani, tuyaone."

Mpwa akaanza kumuuliza mjane, safari hii yeye mwenyewe na mashine kwa zamu. Upana wa mfereji? Hatua mbili za mtu mzima. Za mtu gani? Mjane akasimama akazipiga juu ya zulia, mpwa akazipima na utepe. Nani anafungulia, siku gani, mtu akifiwa zamu yake anapewa nani. Mashine ikauliza ikiwa mlinzi wa kampuni atamfungulia geti mtu anayefuata maji saa tisa alfajiri. Mjane aliinama akaitazama ile kompyuta kwa karibu. "Hii," akasema, "ina adabu kuliko mzee huyu."

Mkataba ukawa kurasa thelathini na nne. Ghala likasogea upande mmoja, likawa fupi kuliko walivyotaka, na mfereji ukabaki wazi na njia yake pembeni. Na kuna mstari mmoja aliousisitiza mjane mwenyewe, kwamba siku za mfereji kampuni italeta mtu na jembe, kama nyumba nyingine zote. Mtu wa kampuni alicheka alipousoma, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka, akatia sahihi.

Mwezi uliopita tulisafisha mfereji tena. Mtu wa kampuni alikuja mwenyewe, na jembe jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini. Mjane akampa kipande chenye mawe mengi. Mimi nilikaa kwenye benchi langu langoni mwa ghala kama nilivyopanga, nikisema goti linauma, na maji yakaja kahawia, yakapita kwenye viatu vyake yakaenda kwa nyumba ishirini na mbili.

"Hapo umeruka jiwe, kampuni," mjane akamwambia. "Rudi."