Samaki wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Mke wangu husema nikitumwa dukani lazima niagwe kama anayekwenda ng'ambo. Sasa pimeni wenyewe upendo niliokuwa nao kwa mama mkwe, mpaka nikawa natoka kila jioni kumsubiri mtu wa bodaboda anayepandisha samaki kutoka ziwani.

Mama alikuwa amekuja kwetu Maguu, huku milimani, kutoka Ngumbo, kando ya ziwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, akamwomba akae naye mpaka ajifungue. Kwetu mkwe hali na mama mkwe wala hapigi naye soga, lakini sikuona shida, maana nilijiona hodari wa kujua mawazo ya watu. Mtu wa ziwani, nikajiambia, ukimweka kwenye baridi hii anawaza samaki tu. Leo mbasa, kesho usipa, keshokutwa mbasa tena.

Sahani yake ikawa inarudi na nusu ya samaki. Nikajijibu kwamba hawa wamelala, nikatafuta wabichi zaidi. Mara mama akasema Jumamosi anateremka kwao. Mke wangu alilia. Mimi nikajua tu, ziwa limemwita. Nikaongeza samaki.

Ijumaa mvua ilinyesha, barabara ikawa utelezi mtupu, bodaboda haikupanda. Mke wangu akapika maharage yetu ya shambani. Nilikaa sebuleni kama mshitakiwa. Kutoka jikoni nikasikia kijiko kikikwangua sufuria, halafu kicheko, halafu mke wangu akaja ameshika tumbo, akasema mtoto akitoka leo kwa kicheko hiki, wa kulaumiwa ni mimi.

Mama alikuwa amemuuliza kama mumewe ataweza kulala, maana leo samaki hakuna. Kumbe kila aliponiona naingia nao jioni, alizidi kuamini kwamba mkwewe hawezi kuishi bila samaki, akawa ananibakizia. Na kweli nilikuwa nawamalizia, mwiba kwa mwiba, nikinung'unika. Yeye amekula samaki maisha yake yote. Alipanda mlima akiyawazia maharage. Angemwambiaje mwenye nyumba kwamba chakula chake kimemchosha? Akaona heri arudi kwao.

Nilikuwa bado natafuta pa kuuficha uso, sauti yake ikanifikia kutoka jikoni.

"Baba, hivi wewe samaki unawapenda?"

Nikafikiria nitoe jibu la heshima. Nikachoka kufikiria.

"Hapana, mama. Miiba inanishinda."

Nikasikia sufuria inafunikwa.

"Basi kesho usiende popote," akasema. "Kaa nyumbani. Na mimi nakaa."

Mke wangu akaenda kuloweka maharage mengine. Mimi nikavua viatu.