Mwalimu Raymundi na Mninga Wenye Msalaba

Mwalimu Raymundi alikuwa na swali moja, na kwa swali hilo aliwachosha watu wote kuanzia Tura hadi vijiji vya mwisho kabla ya nyika ya Mgunda Mkali. Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mwalimu wa dini: alifundisha katekisimu, aliandaa wabatizwa, alizika wafu, na aliongoza sala kila Jumapili ambayo Padre hakufika, yaani karibu Jumapili zote. Kazi hizo alizifanya vizuri, kwa mguu, jua na mvua. Swali lilikuwa ni la ziada, zawadi yake mwenyewe kwa wanadamu.

"Ukionyeshwa leo, kwa hakika, kwamba unachokiamini si kweli, ungependa kujua?"

Aliwauliza waganga, akawauliza wafuga nyuki, akawauliza wanawake waliobeba maji kichwani na wasioweza kukimbia. Alimwuliza hata Hilali, Mwarabu mwenye duka karibu na stesheni ya Tura, ambaye babu yake alitoka Omani kabla reli haijaotwa hata ndotoni. Hilali alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mkono ukiwa juu ya mizani, kisha akamwuliza kama chumvi ampimie ratli mbili au tatu. Raymundi aliliandika jibu hilo moyoni kama ushindi. Alikuwa mtu wa kushinda sana. Karibu mabishano yote aliyoyaanzisha aliyashinda, hasa kwa sababu wenzake walikuwa na kazi za kufanya.

Na mtu akimgeuzia swali, yeye je, angependa kujua? Hapo Raymundi aliinua kidevu kama anayepigwa picha. Yeye angeshukuru, alisema. Yeye angempigia magoti huyo mtu wa kumwonyesha.

Imani yake ilikuwa na mahali ilipozaliwa, na mahali hapo palijulikana. Wakati wa ile vita ya kwanza, Raymundi alikuwa kijana, akakamatwa kubeba mizigo ya wazungu waliokuwa wakigombana na wazungu wenzao. Aliporudi, homa kali ya mafua iliyoua watu mwaka ule ikamwangusha kwenye njia ya zamani ya misafara, nusu siku kwa mguu kutoka Tura. Akatambaa mpaka kwenye kivuli cha mninga, akalala chali kusubiri fisi. Alipofumbua macho, mbele ya uso wake kulikuwa na msalaba. Ulikuwa umechongwa kwenye shina, wa zamani, magome yameuvimbia kandokando kama midomo, na katikati unavuja damu.

Habari za msalaba alikwisha kuzisikia vitani, kwa mpagazi mwenzake kutoka Ndala. Akasema: nikiinuka hapa, nabatizwa. Siku ya tatu akainuka.

Sasa, hakuna mtu wa Unyamwezi asiyejua kwamba mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Watoto wanajua. Mbuzi wanajua. Lakini mti huu ulisamehewa elimu hiyo. Kila mwaka, tarehe kumi na nne Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, Wakristo wa vijiji vyote walikwenda pale na mikeka na vyungu, na kila mwaka mti ulitoka damu. Hakuna aliyejisumbua kuona kwamba ulitoka damu muda mfupi tu baada ya akina mama kuuchokonoa kwa visu wapate gome la dawa. Raymundi mwenyewe alifundisha maana zake zote. Hata ule mkono wa kushoto wa msalaba, uliokuwa mfupi kuliko wa kulia, alikuwa na somo lake: huo ulikuwa upande wa mwizi aliyekataa kutubu.

Kwa imani ya wengine hakuwa mpole kiasi hicho. Miaka mingi nyuma, alikwenda kwa baba yake mkubwa, Lugembe, mzee aliyewahi kubeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi mara nne, na ambaye uani kwake kulikuwa na kibanda kidogo cha nyasi cha mizimu. Humo Lugembe alikuwa akimwekea marehemu baba yake, yaani babu yake Raymundi, bakuli la uji wa ulezi. Raymundi aliingiza mkono, akatoa bakuli, akanywa uji wote mbele ya mwenye nyumba, akafuta ndevu. Akamwuliza baba mkubwa kama amemwona babu akija kugombea uji wake. Lugembe alicheka sana. Raymundi alikwenda zake akiwa na hakika kwamba kile kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshindwa.

Mwaka wa thelathini na saba, Padre Anton alimletea habari njema. Askofu yuko tayari kuruhusu kanisa la matofali pale kwenye mninga, ila anataka kwanza historia ya mti iandikwe kwenye karatasi, na iwe na shahidi. Padre Anton, Mholanzi mwenye ndevu na miwani, aliongeza kwa sauti ya chini kwamba akipatikana mzee wa misafara, aliyepita njia ile kabla mmisionari wa kwanza hajafika, akasema msalaba ulikuwepo tayari, basi hilo litakuwa jambo kubwa hata Roma. Karatasi hiyo Raymundi angeisoma mwenyewe mbele ya watu siku ya sikukuu.

Mzee wa namna hiyo aliyekuwa bado hai alikuwa mmoja tu. Kwa miaka kumi na minane Raymundi hakuwahi kumwuliza lolote kuhusu ule mti. Nani amwulize mpagani habari za msalaba?

Alimkuta Lugembe uani, anakunja gome la mti kutengeneza mzinga wa nyuki.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," alisema Lugembe, kama alivyoitikia siku zote. "Kaa. Shika hapa, gome lisifumuke."

Raymundi akashika. Akauliza, huku amekwisha kutengeneza sentensi ya kuandika: siku zile za misafara, ule mninga wa njia panda ya zamani, wenye msalaba, waliukuta vile vile?

"Ile alama nimekata mimi," alisema Lugembe. "Kaza mkono."

Akaeleza bila haraka, kama anayeeleza mahali alipoacha jembe. Msafara ulikuwa mkubwa, na kisima cha njia ya kushoto kilikuwa kimekauka. Waliotangulia walikuwa wamepoteza watu huko. Desturi ilikuwa kulaza tawi la majani kukata njia isiyofaa, ili wanaofuata nyuma wajue kwamba hapa hapapitwi. Lakini tawi huliwa na mchwa, na moto wa nyika hupita, na wanaofuata walikuwa siku nyingi nyuma. Basi kirangozi, aliyeongoza msafara, akamwambia kijana Lugembe, aliyekuwa na shoka jipya, akate alama kwenye mti: mistari miwili ya kupishana. Maana yake, njia imefungwa. Utomvu ukamrukia kwenye shuka, na kirangozi akamtukana, kwa sababu shuka lenyewe lilikuwa la biashara.

Raymundi aliuliza kama baba mkubwa hachanganyi mninga mmoja na mwingine. Mininga ni mingi.

"Huu mkono wake wa kushoto mfupi," alisema Lugembe. "Shoka liligonga kifundo. Nikaacha."

Gome likamponyoka Raymundi, likafumuka lote. Kumbe yule mwizi asiyetubu alikuwa kifundo cha mti. Na kumbe mahali ambapo kila Septemba aliwaongoza watu mia tatu kwa nyimbo, palikuwa pameandikwa kwa shoka kwamba msipite hapa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unakuja kuniuliza kama ningependa kujua mambo yangu mimi. Ya kwako hukuyataja." Lugembe alianza kukunja gome upya. "Halafu nilikuona umepona, mwanangu. Vita ilikurudisha mifupa mitupu, mara nakuona umenenepa, unaimba. Nikasema, ya nini?"

"Mimi nilikunywa uji wa babu mbele yako."

"Ulikunywa. Nilifurahi siku ile. Siku zote wanakunywa panya."

"Unajua ni panya?"

"Miaka arobaini naosha lile bakuli. Mavi ya panya nisiyajue? Mzee angekuona, mjukuu wake anamnyang'anya uji, angecheka mpaka aanguke."

"Sasa kama unajua, unaweka wa nini?"

Lugembe alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Namkumbuka baba yangu," alisema.

Raymundi alirudi nyumbani na karatasi nyeupe. Ikabaki nyeupe siku mbili, na siku ya tatu ikapata maneno: Mzee Lugembe, mpagazi wa zamani, anashuhudia kwamba alama ya msalaba ilikuwepo kwenye mninga kabla mmisionari yeyote hajapita nchi hii. Akaisoma mara nne. Hakukuwa na neno hata moja la uongo ndani yake. Alishangaa jinsi ukweli unavyoweza kuvalishwa nguo za heshima namna ile, na akakumbuka waganga aliokuwa akiwaumbua hadharani kwa ufundi mdogo kuliko huo.

Mkewe Eustadia, ambaye hakujua kusoma, alimwambia amsomee. Alikuwa anapepeta mtama, na hakuacha kupepeta. Raymundi akasoma, kisha, kwa kuwa ungo ule ulikuwa unamtia wasiwasi, akamweleza na yaliyobaki: kisima, shoka, kifundo.

"Hiyo karatasi haina baba mkubwa," alisema Eustadia. "Ina wewe tu. Waambie watu kama ulivyoambiwa."

Raymundi akasema imani yao itavunjika.

"Yao?" alisema Eustadia, akamwaga makapi.

Akaandika upya, yote. Kumi na nne Septemba ikafika, na watu wakafika na mikeka yao na vyungu vyao. Padre Anton akasoma misa chini ya mti, kisha akampa Raymundi nafasi. Raymundi alikuwa amejiandaa kwa vilio. Alikuwa amejiandaa hata kwa mawe, ndiyo maana asubuhi hakula sana, asije akashindwa kukimbia. Akasimama, akasoma kwa sauti kavu: kwamba alama hii aliikata Lugembe mwana wa Kasanda, kwa shoka, kwa amri ya kirangozi, kwamba maana yake ni njia imefungwa, kwamba damu ya mninga huu ni utomvu kama wa mninga wowote. Kuhusu mkono wa kushoto, aliomba radhi.

Mtoto mmoja akakohoa. Kisha bibi Katarina, mjane mzee kuliko wanawake wote waliokuwepo, akanyoosha mkono kama alivyofundishwa darasani.

"Mwalimu, hao waliokuwa wanafuata nyuma. Waliipita hiyo njia ya kiu?"

"Baba mkubwa anasema hawakuipita. Waliona alama."

"Wakapona?"

"Walipona."

"Sasa sisi tunaomba nini kingine?" alisema bibi Katarina, akaketi.

Watu wakasema amina. Hakuna aliyekunja mkeka. Mwanamke mmoja alisikika akimweleza jirani yake kwamba yeye alikuwa akihisi hivyo hivyo miaka yote. Padre Anton alifuta miwani, akamnong'oneza Raymundi kwamba hadithi hii ni nzuri zaidi kuliko ile waliyokuwa wakiitarajia, na kwamba Askofu ataipenda sana. Ukweli wote, uliomnyima Raymundi hamu ya kula kwa wiki mbili, ulimezwa pale kwa dakika tano, na wenye kuumeza wakatazama vyungu kama vimeiva.

Lugembe alikuwepo. Alikuja kwa udadisi tu, akakaa pembeni kwenye kigoda chake. Watu walipogundua kwamba ndiye mwenyewe, wakamwendea. Wakamshika mikono, mmoja mmoja, ile mikono iliyochonga msalaba. Mama mmoja akamwinamishia mtoto mchanga ambaye hakuwa akilala vizuri. Mzee aliyekataa ubatizo mara saba akajikuta ana foleni.

"Raymundi," aliita, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. "Waambie ukweli hawa."

"Nimewaambia, baba mkubwa."

"Waambie tena."

"Hawana ugomvi nao. Wameupokea vizuri kuliko mimi."

Lugembe akamrudisha mtoto kwa mama yake, akamgeukia mwana wa ndugu yake. Akamwuliza: na wewe, mwanangu, ulipenda kujua?

Swali hilo Raymundi alikuwa na jibu lake tayari kwa miaka kumi na minane, jibu zuri, lenye kidevu kilichoinuliwa. Alilitafuta, hakuliona. Alitazama shina la mninga, pale alipokuwa amelala na homa, akaona makovu mawili ya shoka, moja refu na moja lililoishia kwenye kifundo. Kijana aliyeyakata alikuwa ameketi mbele yake, mzee juu ya kigoda.

"Hapana," alisema. "Nisingependa."

Lugembe akatikisa kichwa taratibu, bila kicheko safari hii, akasogea kidogo kwenye kigoda ampishe mahali pa kukaa.

Lakini huko kwenye mikeka vijana walikuwa wamekwisha kuanzisha wimbo, na walikuwa wameuanzisha juu mno. Bibi Katarina na wenzake walikuwa wanafumbua midomo bila sauti kutoka. Kama Raymundi aliamini bado au hakuamini, hakupata nafasi ya kujichunguza. Alimwomba radhi baba mkubwa, akaenda haraka katikati ya watu, akainua mkono kuwanyamazisha, na akauanza wimbo tena, chini, mahali ambapo wazee wangeufikia.