Wivu wa Shangazi na Huduma ya Winfrida

Jamani, leo nimekuwa shangazi, na roho inaniuma kwa wivu.

Winfrida wa Mikumi nilisoma naye kompyuta chuoni. Mimi natengeneza simu hapa Kilosa. Yeye, kampuni ya simu ilipowafungulia watengeneza programu mtandao wake wautumie, akaunda huduma ya kuita bajaji za wagonjwa. Unapiga namba, hata kwa kitochi kisicho na intaneti. Ukikubali ulipo pajulikane, mtandao unamwonyesha dereva wa karibu mahali hapo.

Nilikuwa namwambia kila mtu, "Hiyo nayo kazi? Hata mimi ningeweza."

Asubuhi wifi yangu, mke wa kaka, alishikwa na uchungu akiwa peke yake shambani Malolo.

Hakunipigia mimi. Alipiga namba ya huduma ya Winfrida.

Bajaji ikamfuata hadi pembeni ya mahindi yake, ikamwahisha kituo cha afya. Amejifungua salama, mtoto wa kike!

Nikampigia kaka kwa furaha.

"Hongera! Mmemwita nani?"

"Winfrida."

Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama.

"Dada, upo hewani?"

"Nipo. Jina zuri."

Zuri wapi! Mimi shangazi wa damu nipo hapa!

Nimenuna mpaka jioni. Halafu nikamwandikia Winfrida neno moja tu: "Nifundishe."

Kajibu palepale: "Njoo Mikumi kesho, shangazi wa Winfrida."

Nyie, hapo kanikaribisha au kanipiga kijembe?

Nauli nimeshaiandaa, lakini semeni.