Varanda ya Bibi Isiyo na Viti

Juzi nilikuwa Brussels kumtembelea binamu yangu, na siku nzima alinizungusha kwenye mitaa ya mikahawa. Tulipita Matonge, mtaa wa Wakongo, tukasikia rumba ikitoka kwa kinyozi, tukaona michoro ya ukutani na duka la vitabu lenye meza za kahawa ndani. Pazuri, sikatai. Tulipokaa na kuletewa vikombe vidogo vya kahawa chungu, binamu akaniegemea, akasema, "Bon, sasa umeona utamaduni. Kule kwenu Buffalo iko nini? Teluji na kazi ya kiwanda."

Rafiki yangu, nilikiweka kikombe chini. Huyu hajawahi kukanyaga West Side, mtaa wetu kule Buffalo, Marekani.

Mimi nimelelewa pale, kwenye nyumba kuukuu ya mbao, na utamaduni wetu ulikaa kwenye varanda ya bibi. Kila Jumamosi kwaya ya kanisa ikimaliza mazoezi ilihamia kwetu. Kazi yangu ilikuwa kutwanga tangawizi na kupanga viti, vya plastiki na vya kuokota, hata kimoja kilichong'olewa kwenye gari. Bibi alikaanga mandazi mpaka mapazia yakanuka mafuta. Hakuna aliyeulizwa kama anataka chai. Kwetu, kumuuliza mgeni hivyo ni kama kumfukuza. Mzee wa kwaya alisimulia habari za Bukavu, mji wetu wa Kongo, akina mama walibishania sauti za wimbo mpya, vijana walicheka kwa Kiingereza. Bibi Kiingereza hakukijua. Wiki nzima alikuwa kama bubu, kliniki, dukani, kwenye basi. Jumamosi ndipo alipopata kusema.

Basi jirani wa ng'ambo ya barabara akatushtaki kwa mwenye nyumba kwamba tuna kelele. Jirani huyo bibi alimpelekea mandazi kila mara. Aliyala, na akaendelea kulalamika. Mwenye nyumba akaja, akaamuru viti vyote viondoke varandani, la sivyo tutahama sisi. Mama, aliyekuwa akitafsiri, alitaka tukubali yaishe. Mimi niliogopa. Nani tena angeongea na bibi?

Bibi akaniambia niingize viti ndani. Nikadhani ameshindwa. Jumamosi iliyofuata nikamkuta anakanda unga maradufu.

"Lakini mama, amekataza," mama alimnong'oneza bibi.

"Amekataza biti," bibi akajibu, bila kuinua kichwa. "Batu hakukataza." Ndivyo wasemavyo Bukavu: biti ni viti, batu ni watu.

Kwaya nzima ikasimama, vikombe mkononi, kuanzia varandani mpaka kwenye ngazi na ukingo wa barabara, ikaimba. Mwenye nyumba akapita na gari lake, akapunguza mwendo, akaenda zake. Hakutusumbua tena. Nasi viti hatukuvirudisha. Kusimama kukawa desturi yetu, hata kwenye baridi ya Novemba, na niliijivunia kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule.

Sasa bibi ametangulia mbele ya haki. Wanakwaya wametawanyika, wengine wamefuata kazi za maghala Louisville, wengine Columbus, na siku hizi tunasalimiana kwenye simu tu. Nyumba iliuzwa, varanda ikavunjwa, zikabaki ngazi. Mwaka jana nilikwenda pale peke yangu, nikasimama kwenye ngazi hizo, nikaimba wimbo wa kwaya kwa sauti yangu ya pili mpaka ubeti wa mwisho. Mwenye nyumba mpya akafungua dirisha, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, nikaanza tena ubeti wa kwanza.