Bonde Lisilosikika

Kefa Chilongani alianza ufundi Kibaigwa, akitengeneza redio za madereva waliokuja kupakia mahindi, na mpaka anahamia Ipagala, Dodoma mjini, hapakuwa na redio iliyomshinda. Mbali na kazi iliyomlisha alikuwa na ugonjwa wake mwingine: redio za ridhaa, zile ambazo mtu mwenye leseni huzungumza na wenzake wa mbali kwa kupenda tu. Wenzake wa namna hiyo Dodoma nzima hawakuzidi saba, na walijuana kwa sauti kuliko kwa sura.

Mwaka mmoja maofisa wa misitu walimwendea na shida. Juu ya Mlima Nghumbi, njia ya Kondoa, palikuwa na mnara wa chuma wa kuangalia moto, lakini mlinzi wake hakuwa na namna ya kuita watu moto ukizuka, maana simu hazikushika kule. Kefa akasema yeye na wenzake wangefunga ripita mnarani, kifaa kinachopokea sauti ya redio ndogo ya mkononi na kuirusha tena kwa nguvu ifike mbali. Maofisa wangekitumia kwa moto, na wao wa ridhaa wangekitumia kwa mazungumzo yao. Kila upande ukaona umepata.

Mlinzi aliitwa Abubakari, Mrangi wa miaka sitini na kitu, mtu wa maneno machache. Siku tatu alimsaidia Kefa kupandisha betri na paneli za sola, ngazi kwa ngazi. Ilipobaki antena, kebo ikawa fupi. Ilipungua mita sita kufika kileleni. Kefa akatazama jua, akawaza safari ya kurudi mjini, kisha akaifunga antena katikati ya mnara, kwenye mguu unaotazama Dodoma. Akaita. Mwenzake akajibu kutoka Ipagala, sauti safi kama yuko chumba cha pili, na Kefa akacheka peke yake.

Abubakari hakucheka. Alichukua redio moja akateremka nayo upande wa pili wa mlima, kwenye bonde la miombo ambako warina asali walitundika mizinga yao. Alirudi baada ya saa mbili, jasho likimtiririka.

"Kule ni kukwaruza tu, fundi. Na kule ndiko kwenye watu."

"Nitarudi na kebo ndefu, mzee. Kabla kiangazi hakijakolea."

"Haya. Mimi nipo."

Kebo ilipatikana mwezi wa saba. Hapa ndipo Kefa, akisimulia, hushusha sauti. Kebo haikukwama njiani, wala yeye hakukosa nauli. Ilikaa nyuma ya mlango wa kibanda chake, imeviringwa, miezi mitatu, na kila wiki haikukosa sababu. Mara harusi ya Devota, binti wa dada yake. Mara spika za kwaya ya Buigiri. Lakini sababu yenyewe hasa aliijua: ripita ilikuwa inamtosha yeye. Kila jioni watu walimpongeza kwa kazi ya Nghumbi, naye akazipokea pongezi.

Mwezi wa kumi, adhuhuri moja, Abubakari aliona moshi nyuma ya bega la mlima, upepo ukiusukuma bondeni. Akaita Dodoma, maofisa wakamsikia mara moja, gari likaondoka. Kisha akaita bondeni. Lameck, mrina asali, alikuwa na redio kiunoni, moja ya zile walizogawa maofisa. Abubakari akaita mara nne, kimya. Gari lingechukua saa mbili kufika. Akaiacha darubini, akateremka kwa miguu.

Lameck alikuwa juu ya mti akifukiza nyuki, kwa hiyo harufu ya moshi haikumshtua. Alidhani ni wake. Abubakari alimteremsha, wakakimbilia kwenye korongo la mchanga, moto ukawapita pembeni. Lameck alitoka na nywele zilizoungua tu. Lakini Abubakari alikuwa amezunguka muda mrefu ndani ya moshi akimwita, na kifua chake hakikupona tena. Baada ya wiki mbili hospitalini alirudishwa kijijini kwao, nje kidogo ya Kondoa.

Siku ya nne baada ya moto Kefa alipanda Nghumbi na ile kebo. Kuifikisha antena kileleni ilikuwa kazi ya nusu siku. Alipomwita Lameck bondeni na kujibiwa wazi, alizima redio, akaketi kwenye ngazi ya mnara.

Kilichomshinda ni kwenda Kondoa. Alijiambia ataenda mgonjwa akipata nafuu. Kisha, mvua zikiisha. Kisha, baada ya Pasaka. Aliogopa kuulizwa kebo ilikuwa wapi. Mara moja alituma sukari na salamu. Mwaka ukapita, na wa pili nao. Asubuhi moja Hamida, binti wa Abubakari aliyeajiriwa mnarani badala ya baba yake, aliita kwenye redio kuwajulisha kwamba mzee amefariki.

Kefa alifika kesho yake, kaburi bado bichi. Hamida alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti. Pale pale uani Kefa akamweleza yote: kebo nyuma ya mlango, harusi, pongezi.

"Baba alijua," Hamida akasema. "Lameck alimwambia umeifunga kebo siku ya nne baada ya moto. Baba akasema, basi alikuwa nayo."

"Akasema nini tena?"

"Alitaka umweleze sauti inapitaje pale. Alisema amekaa juu ya ule mnara miaka kumi na tisa, halafu amefungiwa kitu asichokielewa. Gari likisimama barabarani, alikuwa anauliza kama ni fundi."

Angetukanwa, Kefa angejua la kufanya. Alikaa mkekani na wanaume mpaka alasiri, kisha akaondoka.

Ripita ya Nghumbi inafanya kazi mpaka leo. Kila asubuhi Hamida huita, na bonde huitikia. Kefa husikiliza tu. Amefunga nyingine kwenye minara miwili, na kila mara huteremka mwenyewe mabondeni na redio mkononi kabla ya kukusanya zana zake na kuondoka. Kila msimu Lameck humletea chupa mbili za asali kumshukuru kwa redio inayosikika vizuri. Kefa huzipokea, maana akizikataa itambidi aeleze, na kwa Lameck bado hajapata ujasiri huo.