Siku Niliyowaficha Ng'ombe Wangu

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso kwa kanga, na mkicheka chekeni tu, maana hata mimi nimeshacheka mpaka mbavu zikauma.

Mwanangu Festo alipata mchumba kule Usangu, Kabula, binti wa wafugaji, na wazazi wake wakasema kabla ya kutoa jibu watakuja kwanza hapa Nyololo waone binti yao anakwenda kwenye nyumba ya namna gani. Mimi nami (kiherehere changu!) nilikuwa nimetoka kwenye semina ya kina mama, tumefundishwa habari za kaya zenye kipato cha juu, nikaelewa nilivyoelewa: matajiri hawanuki samadi. Basi ng'ombe wote nikawaswaga kwa jirani yangu Mama Tuma, kuku nao, magunia ya mahindi nayo, nikaazima kwake sofa na friji (bovu, lakini jeupe), nikakunja nne nikisubiri wageni.

Wakaja. Baba Kabula akazunguka nyumba nzima, akachungulia ghalani, akakuta panya tu.

"Mama Festo, hapa unga mnapata wapi?"

"Tunanunua dukani," nikajibu kwa maringo.

"Na maziwa?"

"Ya pakiti, baba."

Mzee akamgeukia mkewe, uso umejaa huruma. "Mama Kabula, mtoto atakufa njaa hapa." Kisha akatazama ng'ambo ya uzio, macho yakamng'aa. "Hapo jirani ndipo kuna watu! Ng'ombe wale! Mahindi mpaka barazani! Eti, hawana kijana wa kuoa?"

Festo akanitazama, machozi yanamlenga, nami nikachanganyikiwa kabisa, nikauparamia uzio, gauni likanasa, nikabaki naning'inia mbele ya wakwe huku napiga kelele: "Ni wangu! Ng'ombe wangu! Mahindi yangu! Mama Tuma ana friji tu, nalo bovu!" (Na Mama Tuma, Mungu anamwona, alikuwa ameshaanza kuwachemshia wageni chai.)

Mama Kabula akaja kuninasua, mumewe anacheka mpaka kofia imemdondoka. "Mkwe," akaniita, na niliposikia neno hilo nikajua tumepona, "kwetu mtu huazima ng'ombe aonekane tajiri. Wewe umeazima friji bovu!"

Tangu hapo nimeapa, mgeni akija kwangu naanza kumpeleka zizini, akanyage samadi kwanza, ndipo aingie ndani. Maana ilibaki kidogo tu, leo Kabula angekuwa anamwita Mama Tuma mama mkwe.